Umeme ulikatika viinitete vyangu vikiwa maabara. Niwaulize nini kabla ya kurudi?

Binti wa Segerea
Jumapili, saa 2:40 usiku

Wakuu habari za usiku. Nitaandika kwa urefu kidogo, mwenye haraka apite tu.

Nina miaka 36, naishi Tabata Segerea, ndoa ina miaka saba. Mirija yangu yote miwili imeziba. Nilijua baada ya kile kipimo cha kupitishiwa dawa kwenye mirija halafu unapigwa eksirei, aliyekifanya anajua. Mwaka huu tuliuza kiwanja chetu cha Chanika tukaingia kwenye upandikizaji mimba hapahapa Dar. Kliniki sitaitaja, na naomba msinibanie inbox kuuliza.

Mayai yalivunwa Jumatano, 11. Yaliyokomaa 9. Mbegu za mume wangu zilikuwa za wastani, wakaamua kuchoma mbegu moja moja ndani ya yai. Alhamisi nikapigiwa simu: saba yamerutubika. Jumamosi asubuhi: yote saba yanaendelea vizuri. Jumatatu nafika pale nimekunywa maji lita nzima kama nilivyoagizwa, naambiwa viinitete, yaani mayai yaliyorutubika na kuanza kukua, vimebaki vitatu. Kimoja kikapandikizwa, viwili vikagandishwa. Siku ya kipimo cha damu cha mimba majibu yakasoma chini ya 2. Hakuna kitu.

Sasa kinachoninyima usingizi ni hiki. Shemeji yangu ana duka la dawa mtaa uleule wa kliniki. Juzi tunaongea tu akasema, "Ile Jumamosi umeme si ulikata kuanzia saa nne usiku mpaka saa kumi alfajiri, insulini zangu nilizihamishia kwa jirani." Nikahesabu siku. Jumamosi hiyohiyo. Siku ya tatu vilikuwa saba, siku ya tano vitatu.

Nilimuuliza nesi, akasema "tuna jenereta dada, ondoa wasiwasi." Daktari akasema ni bahati tu, tujaribu tena na vile viwili, ila kwanza wanikwaruze mfuko wa uzazi ili kiinitete kishike, laki nne.

Je, umeme ndio uliniulia watoto? Na nikirudi niwaulize nini, maana nikiingia pale mdomo unakauka. Natanguliza shukrani.

Mjomba Kinyerezi
Jumapili, saa 3:05 usiku

Pole dada. Ila kiwanja cha Chanika kilivyopanda bei sasa hivi, dah. Kuna mzee yuko Handeni, watu wanatoka mpaka Mombasa wanamfuata. Mke wa rafiki yangu alikunywa mizizi siku 21, leo ana mapacha.

Mama K wa Kigamboni
Jumapili, saa 3:31 usiku

Mjomba, mirija imeziba. Mizizi itapitia wapi? Hebu waache wenye kujua waongee.

Dada pole sana. Mimi nilipata mara ya tatu, nikiwa na 39. Mara ya kwanza nami nilikaa na swali moyoni mwaka mzima kwa kuogopa kuonekana mjuaji. Usifanye hivyo. Kuna mzee mmoja humu alikuwa maabara hizo, ngoja nimwite. @Mzee wa Pipeti upo?

Mzee wa Pipeti
Jumatatu, saa 11:20 alfajiri

Nipo. Wazee hatulali.

Binti yangu, pole. Nimestaafu mwaka juzi. Nilikaa maabara ya viinitete miaka kumi na moja hapa mjini, na kabla ya hapo nilikuwa na ng'ombe. Sitanii. Nilifundishwa uhimilishaji, yaani kumpa ng'ombe mimba kwa mrija bila dume, kule Usa River, Arusha, kwenye kituo cha taifa, kisha nikazunguka miaka mingi na pikipiki, mtungi wa naitrojeni nyuma, mbegu za dume la Friziani ndani. Wenzangu wa maabara waliniita Daktari wa Ng'ombe mpaka siku ya kuniaga. Waliona ni utani, mimi niliona ni sifa.

Nianze na umeme. Kisahani chako kilikaa ndani ya inkubeta, kisanduku kinachoshika joto la nyuzi 37, kaboni daioksaidi asilimia 5 hadi 6, na penye mashine nzuri oksijeni asilimia 5 badala ya hii 21 tunayovuta pale Buguruni. Kaboni daioksaidi ipo kwa kazi moja: kushikilia uchachu wa yale maji kinamolelewa kiinitete, pH (kipimo cha uchachu) ibaki kati ya 7.2 na 7.4. Gesi ikipungua, maji yanaelekea kwenye umagadi, na kiinitete hakipendi.

Umeme ukikata, joto linaanza kushuka, na gesi haiingii tena maana vali yake nayo inafunguliwa kwa umeme. Lakini havishuki papo hapo. Kila tone lenye kiinitete tunalifunika kwa mafuta maalumu, nayo yanachelewesha joto na gesi kutoroka. Kama betri ya akiba ilishika mpaka jenereta ikanguruma, na mlango haukuguswa, kiinitete cha siku ya tatu hakikujua kwamba mtaa ulikuwa giza. Kinachoharibu zaidi ni mtu kuja na tochi akafungua mlango "aangalie tu". Nilikuwa na kijana mmoja, mpole sana, usiku wa namna hiyo alifungua mara nne ndani ya dakika kumi kwa huruma. Nilimwambia akakae nje na huruma yake.

Kwa hiyo zile saa sita za shemeji yako ni za mtaa. Za inkubeta zimeandikwa kwingine, na huko ndiko nitakupeleka.

Ila kwanza hesabu zako, maana nilizisoma mara mbili. Mayai 9 yaliyokomaa, yakarutubika 7: hiyo ni asilimia 78. Wataalamu walikutana Vienna wakaweka viwango vya maabara hizi, vikachapishwa 2017. Kwa njia ya kuchoma mbegu, chini ya asilimia 65 maabara ijitazame, na shabaha ni 80. Wewe uko karibu na shabaha. Kutoka 7 kufika 3 siku ya tano ni asilimia 43. Kiwango cha chini ni 40, shabaha ni 60. Umepita mstari, kwa shida, lakini umepita.

Na hata pasipokatika umeme, kati ya siku ya tatu na ya tano ndipo wengi wanapoachwa. Siku tatu za mwanzo kiinitete kinakula akiba ya yai, kama mtoto anayekula nyumbani kwa bibi. Kinapofika seli nne hadi nane ndipo chembe zake chenyewe za urithi zinaamka na kushika usukani, za mama na za baba. Kilicho na kromosomu (vifurushi vya hizo chembe za urithi) pungufu au zilizozidi kinasimama hapo. Na katika miaka 36 mayai ya namna hiyo si machache. Ndiyo maana saba kuwa vitatu kulinisikitisha kwa ajili yako lakini hakukunishtua.

Sasa siwezi kukuambia umeme hauhusiki. Hesabu ya mwanamke mmoja ni ndogo mno, inaweza kuficha kosa na inaweza kusingizia kosa. Maabara inajijua kwa wastani wa wote waliokuwa humo wiki ileile. Hilo ndilo swali la kwanza ukawaulize: wenzangu wa wiki ile vyao vilifikaje? Hutaki majina. Unataka kujua kama wiki nzima ilianguka au ulianguka peke yako.

La pili, omba daftari. Kila maabara ya viinitete inayojiheshimu inapima inkubeta kila siku kwa kipimajoto cha pembeni na kipima gesi cha pembeni, kwa sababu kile kioo cha mbele cha mashine kinaweza kusoma 37.0 huku ndani ni 36.2. Mashine nyingi pia zinajirekodi zenyewe dakika kwa dakika. Mwambie akuonyeshe Jumamosi hiyo na Jumapili yake. Na ukifunguliwa daftari, usiangalie namba pekee, angalia wino. Daftari la mwezi mzima lenye 37.0 kila mstari, kalamu moja, mwandiko hauyumbi hata kidogo, hilo limeandikwa siku moja na mtu aliyesikia wakaguzi wanakuja. Daftari la kweli lina 36.9, lina 37.1, lina doa la chai.

La tatu, king'ora kinampigia nani simu usiku? Hapa nitakusimulia langu. Mwaka wangu wa pili, mtungi wa kaboni daioksaidi uliisha Jumapili, na kile kifaa cha kuhamia mtungi wa pili kikakwama. Gesi inaisha bila kupiga hodi, haina harufu, haina rangi. King'ora kilipiga simu kwa mwenzetu aliyekuwa harusini Bagamoyo, simu ikiwa kimya ndani ya mkoba. Jumatatu asubuhi nakuta inkubeta inasoma 1.9. Visahani vya akina mama watatu. Mganga mkuu alitaka tukae kimya. Tulibishana naye mlango umefungwa kwa saa nzima, mwishowe tukawaita wote watatu tukawaambia. Mmoja alitutukana, na alikuwa na haki. Mmoja alilia tu. Wa tatu alishika mimba kwa kiinitete kilekile, na mpaka leo sijui niliweke wapi jambo hilo kichwani. Tangu siku ile namba zikawa tatu, king'ora kinazunguka mpaka mtu apokee.

Watu wa Dar wanadhani adui wa maabara ni joto letu. Adui ni kiyoyozi. Chumba kinawekwa nyuzi 22, 23, na yai likitolewa kwenye mwili likakaa wazi humo dakika chache tu, zile nyuzinyuzi ndani ya yai zinazopanga kromosomu zinaanza kukatika. Ndiyo maana meza zina vioo vya moto na tunatembea na vichupa vya mayai kama mtu aliyebeba uji wa mgonjwa. Kiinitete cha siku ya tatu kinavumilia zaidi kidogo kuliko yai. Kwa hiyo ningekuwa wewe ningeuliza pia kuhusu Jumatano, siku ya kuvuna, ambayo hukuitaja kabisa.

Kuhusu vile viwili vilivyogandishwa, hapo lala. Mtungi wa naitrojeni hauna waya. Ni chupa ya chai kubwa tu: kuta mbili, katikati hakuna hewa, ndani kimiminika cha nyuzi 196 chini ya sifuri. Umeme ukate wiki nzima, havijui. Hatari yake ni nyingine, naitrojeni kuvukizwa bila mtu kujaza, au ukuta kuvuja. Machi 2018 kule Marekani mitungi miwili iliharibika wikendi moja, Cleveland na San Francisco. Cleveland peke yake mayai na viinitete zaidi ya 4,000 viliharibika, na king'ora cha mbali kilikuwa kimezimwa. Kwa hiyo uliza: nani anapima kimo cha naitrojeni, kila baada ya siku ngapi, na naitrojeni yenyewe inatoka wapi? Mimi nilizoea kuchovya rula ya mbao, ukiichomoa mstari wa barafu unakuambia kimo. Niliitoa kwa ng'ombe hiyo.

Uliza pia katika vile walivyoyeyusha karibuni, vingapi vilipona. Kwa mgandisho wa kisasa, ule wa kuzamisha ghafla mpaka maji yanakuwa kama kioo bila kufanya chembe za barafu, wakikuambia chini ya 90 kwa 100 kwa viinitete vya siku ya tano, kunja uso.

Na lebo. Jina lako linasomwa kwa sauti na watu wawili kila kisahani kinapohama? Usione aibu kuuliza. Unajua kugandisha kwenyewe kulivyoanza? 1949, London, Christopher Polge na wenzake walikuwa wanahangaika kugandisha mbegu za jogoo kwa maji ya sukari. Miezi haifanyi kazi, ghafla chupa moja inafanya kazi. Kwenda kupima, ndani hamkuwa na sukari ile. Mlikuwa na gliserini, lebo zilichanganyika. Kosa lile likatupa mbegu za ng'ombe zilizogandishwa, kisha za binadamu. Nilikuwa nawasimulia vijana wapya kila mwaka, wanacheka, kisha nawaambia sisi hatuna jogoo humu ndani, hapa lebo ikichanganyika mtu analea mtoto wa jirani.

Kukwaruza mfuko: hiyo laki nne nunua mchele. Utafiti wa wanawake 1,364 katika nchi tano ulichapishwa 2019. Waliokwaruzwa waliojifungua ni asilimia 26.1. Wasiokwaruzwa, asilimia 26.1. Sijakosea kuandika.

Jua linatoka, naenda kumwagilia mchicha.

Boda Mbagala
Jumatatu, saa 7:15 mchana

Mzee heshima yako. Samahani dada kwa kudandia uzi. Mimi nimepimwa mbegu, milioni 9 kwa mililita, zinazotembea asilimia 25. Daktari kasema tukafanye hiyohiyo ya maabara. Bei aliyotaja nikauze boda na figo. Kwa nini ni ghali hivi? Na hii boda ndiyo imenipika?

Mzee wa Pipeti
Jumatatu, saa 1:50 usiku

Kijana, kipimo kimoja hakitoshi kuuza boda. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unaweka mstari wa chini milioni 16 kwa mililita na asilimia 42 zinazotembea. Mstari huo umetokana na wanaume ambao wake zao walishika mimba ndani ya mwaka mmoja, na asilimia 5 ya akina baba hao walikuwa chini yake. Kwa hiyo uko chini, lakini hujafungiwa mlango.

Rudia. Kaa bila tendo siku mbili hadi saba, isiwe mwezi ukidhani unaweka akiba, zinakuwa nyingi na chovu. Uliugua malaria au homa kali miezi mitatu iliyopita? Mbegu inatengenezwa kwa zaidi ya siku 70, homa ya Juni unaikuta kwenye kipimo cha Agosti. Unachoma sindano za gym za kutunisha kifua? Kama ndiyo, acha na umwambie daktari, hizo zinazima kiwanda chenyewe. Na kipimo ulitolea wapi? Kama ulitolea nyumbani Mbagala ukakaa kwenye foleni ya Kilwa Road saa mbili, kikombe kwenye mfuko wa nailoni juu ya tangi la boda, walipima maiti. Inatakiwa ianze kupimwa ndani ya saa moja, na kikombe kikae karibu na mwili wako. Kiti cha boda na joto havikusaidii, ila nisikudanganye kwamba ndivyo vilivyokumaliza, sijakuona.

Bei. Nusu ya kero ni vitu vyote kuja kwa ndege: sindano za homoni, maji ya kukuzia, visahani vilivyopimwa kwa viinitete vya panya kabla ya kuuzwa, mafuta. Chupa ya maji hayo ukiifungua ina siku zake, ukiwa na mgonjwa mmoja unaimwaga vilevile kama ungekuwa nao kumi.

Lakini kuna watu wawili niliwapenda sana. Willem Ombelet wa Genk, Ubelgiji, na mwenzake Van Blerkom wa Marekani walijiuliza: kama shida ni kaboni daioksaidi, lazima mtungi na mashine? Wakachukua mirija miwili ya kioo iliyounganishwa. Mmoja wakatia ndimu ya unga na baking soda, vitu vya mama wa maandazi. Vinachemka, gesi inapita kwenye mrija wa pili wenye maji ya kukuzia, inatulia kwenye kiwango, wanaingiza yai na mbegu kwa sindano bila kufungua, na mrija unakaa kwenye kishikio cha joto mpaka siku ya tatu. Walilinganisha na inkubeta za kawaida kwa wanawake walewale, viinitete havikupishana ubora, watoto wakazaliwa. Matokeo yalichapishwa 2014, na Ghana wakaichukua. Nilijaribu kumshawishi bosi wangu. Akanijibu mgonjwa akilipa milioni hizo hataki kusikia habari ya ndimu ya unga. Labda alikuwa sahihi kuhusu wagonjwa, sijui. Ila haichomi mbegu ndani ya yai, kwa hiyo kwa mbegu zako ingetegemea kipimo cha pili.

Mama K wa Kigamboni
Jumatatu, saa 2:10 usiku

Ndimu ya unga! Jamani. Na mimi nililipa nyumba.

Binti wa Segerea
Wiki mbili baadaye, Jumanne, saa 4:00 usiku

Mzee wangu, shikamoo. Nimerudi.

Nilikwenda Alhamisi na maswali nimeyaandika nyuma ya risiti ya maji. Mapokezi wakasema wagonjwa hawaingii maabara. Nikasema siingii, daftari ndilo litoke. Wakaangaliana. Nikakaa pale kwenye kochi saa mbili na nusu, runinga inaonyesha tamthilia ya Kituruki, mpaka akatoka binti mdogo wa maabara, kofia kichwani, kandambili za plastiki, na faili.

Mashine imerekodi yenyewe. Umeme ulikata saa 4:12 usiku. Joto liliposhuka zaidi lilifika 36.8, gesi 5.4, kisha vikarudi. Haikufika hata dakika tatu jenereta kuwaka. Nikaona mwenyewe ule mstari, umejikunja kidogo kama mtu aliyejikwaa, ukaendelea.

Nikamuuliza wenzangu wa wiki ile. Akaenda kuuliza, akarudi. Tulikuwa wanne. Wawili wameshika.

Jumatano siku ya kuvuna, akasema mayai yangu yalikaa nje kusafishwa kwa muda wa kawaida, ameniandikia dakika. Kuyeyusha: katika 40 vya mwisho vimepona 38. Majina yanasomwa na wawili, mchana. Usiku au Jumapili anakuwa peke yake, anampigia daktari kwa video anamwonyesha lebo.

Kisha nikaangalia wino kama ulivyosema. Kalamu tofauti, 36.9, 37.0, 37.1. Ila Jumapili jioni, siku moja baada ya umeme, mstari uko wazi. Hamna kitu. Nikamwekea kidole. Akanyamaza, halafu akasema, "Dada, nilikuwa peke yangu na mayai ya watu wawili, sikuandika. Mashine ilirekodi lakini mimi sikupima." Macho yalikuwa yanamlenga machozi. Nikashindwa kukasirika, nikakasirikia nyumbani.

Kukwaruza nimekataa. Daktari alisema "sawa" haraka sana, nikashangaa kumbe ilikuwa ni hiari.

Sasa mzee, huo mstari wazi. Ningehama?

Mzee wa Pipeti
Jumatano, saa 11:45 alfajiri

Marahaba binti yangu. Umefanya kazi ambayo wakaguzi wengine hawafanyi.

36.8 kwa dakika tatu hainipi shaka. Umeme uondolee lawama. Mstari wazi siupendi, na ulichogundua hasa ni kwamba Jumapili pana mtu mmoja, hilo ndilo la kumwandikia mwenye kliniki barua. Lakini huyo binti angeweza kuandika 37.0 palepale, usingejua maisha. Mimi ningebaki naye. Ningeomba tu siku ya kuyeyusha isiwe Jumapili.

Jambo moja nililisahau. Siku ya kupandikiza usivae manukato, usipake losheni yenye harufu, na nguo zako zisifukizwe udi. Moshi ule na mvuke wa marashi unaingia mpaka kwenye maji ya kisahani, na mafuta yanaufyonza. Chujio za hewa zinapambana na mengi, lakini usizipe kazi. Jengo la jirani likipigwa rangi sisi tulikuwa tunaahirisha wagonjwa.

Binti wa Segerea
Jumatano, saa 1:20 asubuhi

Ni Jumanne ijayo, saa tatu asubuhi, wanayeyusha kimoja. Nimeomba yeye awepo na mwenzake, wamekubali.

Dera langu nimelianua jana kwenye kamba, nimelifua kwa sabuni ya mche peke yake. Mama mkwe amekuja kutoka Tanga na kijungu chake cha udi, nimemwambia hapana. Amenuna tangu magharibi, anasema mwanamke gani anakwenda kubeba mimba ananuka jua.

Mama K wa Kigamboni
Jumatano, saa 1:34 asubuhi

Mwambie amfukize mwanawe. Yeye siku hiyo anabaki mapokezi.